Kufufua Datsun 240Z: anza na kutu, injini itasubiri

Mtu akikuta 240Z imelala miaka kwenye banda la mzee fulani, kitu cha kwanza anafungua boneti, anaazima betri, anataka asikie mlio, na ikishaunguruma tu hata kama inatoa moshi basi keshakubali bei. Mimi nilinunua yangu hivo hivo. Injini iliwaka siku ya pili nikafurahi sana, afu wiki iliyofuata nikanyanyua zulia upande wa dereva nikaona nyasi za chini kupitia sakafu. Kuanzia siku ile mpaka gari inakaa barabarani imenichukua miaka minne na sehemu kubwa ya muda na hela iliishia kwenye mabati, sio kwenye injini. Sasa haya naandika kwa ajili ya yule ambaye ameshaiona gari mahali na moyo umeshaenda, ajue kazi ilipo kabla hajatoa hela mfukoni.

Kwanza nikwambie kwa nini inafaa kuhangaika nayo. 240Z ilitoka Japani mwishoni mwa 1969 ikiitwa Fairlady Z, nje ya Japani ikawa Datsun 240Z, na kwetu huku jina lake lilijengwa na Safari Rally. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo, Shekhar Mehta akaja wa pili na 240Z nyingine, na 1973 Mehta, mzaliwa wa Kampala, akashinda na Lofty Drews baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Mbio zilikuwa zinakimbizwa Pasaka, yani masika yenyewe, tope mpaka kwenye vioo. Ile iliyoshinda 1971 Nissan, ndo wenye jina la Datsun, wanayo mpaka leo kwenye hifadhi yao ya magari kule Zama, Japani. Ndo maana hii gari ukiipaki hapa Arusha hukai dakika tano peke yako. Siku ya kwanza nimeitoa kwenda dukani mzee mmoja alivuka barabara na fimbo yake akashika boneti kwa kiganja akaanza kunihadithia alivyotoroka shule kwenda kukaa pembeni ya barabara kusubiri vumbi lije, tulisimama pale nusu saa na mkate sikununua.

Na kuiendesha ni raha ya aina yake, uzito wake ni kama kilo elfu moja na kidogo tu, usukani hauna msaada wowote wa haidroliki kwa hiyo kila kokoto unaisikia mikononi, na ile injini ya silinda sita za mstari mmoja ikipita mzunguko wa elfu tatu na nusu inabadilisha sauti kabisa. Hakuna gari ya kisasa niliyoendesha ikanipa kitu kile.

Kabla hujalipa

Anza na namba ya chasisi kabla hujaangalia rangi. Imegongwa kwenye ule ukuta wa bati kati ya injini na kebini, na kuna kibati kingine ndani ya chumba cha injini, vyote visome vizuri ulinganishe na kadi. HS30 maana yake usukani wa kulia, HLS30 usukani wa kushoto. Hii ya kushoto ndo iliyojaa duniani kwa sababu soko kubwa lilikuwa Marekani, bei zake huko mtandaoni zinavutia, lakini ukishaileta huku unahitaji dashibodi nyingine, ukuta tofauti, mfumo wa usukani na pedeli zote, kazi ambayo mimi simshauri mtu anayeanza. Afu kuna mambo ya bandarini, Kenya gari iliyozidi miaka 8 haiingii kama gari ya kawaida, Tanzania inaingia ila ushuru wa uchakavu unakusubiri pale, kwa hiyo kama unaweza kupata iliyoko humu humu nchini yenye kadi safi, hata ikiwa mbaya kidogo, ichukue hiyo. Namba ya injini ikiwa haifanani na kadi sio mwisho wa dunia maana nyingi zimeshabadilishwa injini, ila yule anayekuuzia ndo aende TRA (mamlaka ya mapato) kunyoosha hilo kabla hujamlipa, sio wewe baada ya kulipa.

Sasa kutu. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu hii gari haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover, kwamba bodi ikioza unaitoa unaweka nyingine. Bodi yenyewe ndo chasisi. Ikioza sehemu fulani fulani gari inakunjika katikati.

Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, bisibisi nene, tochi, na jagi la maji. Sumaku ipitishe taratibu sehemu zote za chini, ikikataa kunata ujue hapo kuna puti nene imefunika shimo. Bisibisi ni ya kuchoma choma chini ya sakafu, mwenye gari akikataa usichome, ondoka. Angalia chini ya betri kwanza kwa sababu asidi imedondoka pale miaka hamsini, na kutu ya pale huwa inashuka mpaka kwenye boriti ya chini inayobeba pua ya gari. Angalia sakafu zote mbili na zile boriti mbili nyembamba zinazopita chini yake, hizi zimetengenezwa kwa bati jembamba sana na zikigongwa na jeki tu zinabonyea, maji yanakaa ndani. Angalia vizingiti vya milango, zile kona za chini mbele ya tairi za nyuma, kisima cha tairi ya spea, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma pale lastiki inapokaa.

Sehemu ambayo watu wengi hawaijui ni chini ya ile grili ya waipa mbele ya kioo. Pale kuna mfereji wa kupitishia maji ya mvua, majani yakijaa maji yanatuama na yanakula bati kutoka ndani, na kuchomelea pale ni kazi ya kulia kwa sababu huwezi kufikisha mkono. Mimina jagi la maji pale juu afu piga magoti uone. Maji yakitoka chini nyuma ya tairi ya mbele, vizuri. Yakitokea miguuni kwa dereva, punguza bei sana au achana nayo.

Injini utaiangaliaje? Kwa kifupi tu. Inaitwa L24, cc 2393, bloku ya chuma na hedi ya alumini, na ni injini ngumu kwelikweli. Pima kompresheni silinda zote sita, usihangaike sana na namba yenyewe, angalia zisipishane zaidi ya asilimia kumi na kitu. Hata ikiwa imekufa, inafufulika. Bodi iliyokufa haifufuki kwa bei unayoiweza.

Kufungua

Kosa linaloua miradi mingi kuliko ukosefu wa hela ni mtu kufungua gari yote wikendi mbili. Inafurahisha kufungua, kila kitu kinatoka, unaona maendeleo, afu ukikaa miezi mitatu bila kuigusa unarudi unakuta maboksi kumi na nne ya vyuma ambavyo huvijui. Nimeshaziona gari nzuri zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo tu. Fungua sehemu moja, itengeneze, ihifadhi, ndo uende nyingine. Kila bolti iingie kwenye kifuko cha plastiki na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino unayeyuka ukiguswa na petroli, na piga picha kabla, wakati, na baada ya kutoa kitu, hasa waya na mipira ya maji. Picha moja haitoshi piga sita. Na usitupe kitu kibovu mpaka kipya kiko mkononi na umekipima, lastiki iliyooza ndo sampuli yako.

Sasa kuna kitu kimoja kwenye hii gari lazima nikitaje peke yake, ile pini ndefu ya nyuma inayoshikilia mkono wa chini wa sasipenshen na ile nguzo ya shokapu. Kila anayejenga 240Z anaijua kwa machungu. Inapita kwenye bushi mbili na katikati imefungwa na kipini kidogo cha kabari, na kwa miaka yote hiyo kutu imeishikanisha na chuma kinachoizunguka. Fundi anapiga nyundo, pini haisogei, anaongeza nyundo, ncha yake inapanuka kama uyoga, sasa hata ikitaka kutoka haipiti kwenye tundu. Yangu upande wa kushoto ilifanyiwa hivo na karakana niliyoiamini, nikaletewa mkono umepinda.

Njia yenyewe ni hii: toa kwanza kile kipini cha katikati, wengi wanasahau, bila hivo hata ukipiga mwezi mzima haitoki. Changanya asetoni na oili ya gia ya otomatiki nusu kwa nusu, nyunyizia kila siku kwa wiki, mbali na moto kabisa. Rudisha nati mpaka ifunike nyuzi zote ndo ugonge, na gonga kwa nyundo nzito mara chache, sio nyepesi mara nyingi. Ikikataa peleka kwenye presi ya haidroliki. Presi nayo ikikataa, kata pini pande zote mbili kwa msumeno kati ya bushi na nguzo, kipande kilichobaki ndani kitoe kwa presi au kwa fundi wa kukereza. Pini mpya zinauzwa, nunua mbili kabla hujaanza ili usiwe na huruma na za zamani. Ukirudisha paka grisi isiyotoka na maji, yule atakayeifungua baada yako atakushukuru.

Bodi

Kama kuna hatua ya kufanya polepole ni hii. Kabla hujakata hata inchi moja ya sakafu au kizingiti, chomelea skwea paipu kwenye uwazi wa mlango, moja ya kulala na moja ya mshazari, pande zote mbili, afu pima. Kati ya tairi ya mbele na ya nyuma, katikati kwa katikati, ni milimita 2305, kulia na kushoto ziwe sawa. Pima na mishazari ya milango uandike ukutani. Ukikata kizingiti bila kufanya hivi gari inalala katikati kidogo tu, milimita nne tano, huoni kwa macho, unakuja kugundua baada ya kupaka rangi kwamba mlango haufungi.

Kata upande mmoja, maliza, ndo uhamie mwingine.

Mafundi wetu wengi wa bodi wamezoea gesi au mashine ya vijiti. Ni watu wenye mikono ya ajabu na gari za kazi wanazifufua kila siku, lakini bati la hii gari ni jembamba, kijiti kinalitoboa na moto wa gesi unalikunja kama chapati. Tafuta anayetumia mashine ya migi ya waya, bati la milimita 1 hadi 1.2, achomelee nukta moja hapa, nukta moja kule mbali, asubiri ipoe. Sio mstari mmoja mrefu. Pale kiwandani walipoweka spoti, yani zile nukta za kuunganisha mabati mawili, wewe toboa tundu la milimita nane kwenye bati la juu ulijaze kwa migi, inafanana na ya kiwanda na ina nguvu. Ondoa tenki la mafuta kabisa, lipeleke mbali, toa betri, toa altaneta, weka ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto pembeni. Na tenki lenyewe usimruhusu mtu yeyote alichomelee hata kama anakwambia ameliosha na amelijaza maji, mvuke wa petroli unajificha kwenye maungio yake na watu wanakufa kwa hilo.

Kuhusu kutu ndogo ndogo kwenye vyuma vya kufungua, nikupe kitu ambacho kimeniokolea hela nyingi: molasi. Ile ile wanayolisha ng'ombe. Chukua pipa la plastiki, molasi sehemu moja kwa maji sehemu tisa, tumbukiza bawaba, breketi, mikono ya sasipenshen, funika, sahau wiki mbili au tatu. Inanuka sana kwa hiyo iweke nyuma kabisa ya uwanja. Vikitoka suuza kwa presha ya maji, kausha hapo hapo kwa upepo au juani na paka praima siku hiyo hiyo, ukichelewa mpaka kesho rangi ya machungwa imerudi. Ila usiweke alumini humo ndani, itaila, na ngoma za breki za nyuma za 240Z ni alumini kwa nje, kwa hiyo hizo usizitie. Siku nimetoa bawaba za mlango kwenye lile pipa nikaona zimerudi kijivu safi kama zimetoka kiwandani jana nilikaa chini kuzitazama tu. Hizi ndo raha zake kwa kweli, hazipo kwenye picha ya gari iliyokamilika, zipo kwenye vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna mtu atakayeviona tena.

Puti inaruhusiwa, usimsikilize anayesema hairuhusiwi, ila ni ya kusawazisha, milimita mbili tatu, sio ya kuziba shimo. Kabla ya rangi ziba maungio yote kwa gundi ya bodi, na baada ya rangi nyunyizia nta ndani ya vizingiti na boriti kupitia yale matundu ya kiwandani. Mtu wa rangi mlipe kwa hatua, bati likimalizika nusu, praima ikimalizika robo, rangi ikimalizika robo, na kila hatua uende uione kwa macho yako mchana. Mimi nililipa yote mwanzoni mara moja na gari ikakaa miezi saba nje kwenye mvua ikiwa na praima tu, na praima inanyonya maji, ikabidi ikwanguliwe yote upya.

Vaa barakoa wakati wa kusugua rangi za zamani, na vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa, lining za miaka ile zilikuwa na asbesto, lowesha kwanza ufute kwa kitambaa ukitupe.

Sasa injini

Umefika huku umechoka na hela imepungua, na ndo vizuri, kwa sababu L24 inakusamehe.

Ukitaka kutoa hedi, kabla hujafungua ile bolti ya gia ya kamshafti chonga kabari ya mbao ngumu, ndefu kama futi moja hivi, funga kamba juu, ishushe katikati ya cheni uikandamize ibane vizuri. Usipofanya hivo cheni inalegea, kile kibanio cha cheni kinachomoka kwenye nyumba yake, na sasa kukirudisha ni mpaka ufungue kava yote ya mbele, uguse sampu (lile bakuli la oili chini ya injini), uvujishe oili kila mahali, siku tatu zimepotea kwa sababu ya kipande cha mbao. Paka alama ya rangi kwenye cheni na kwenye gia kabla ya kutenganisha.

Hedi ikiwa mezani, mwambie fundi aweke viti vigumu vya valvu za egzosi. Petroli yenye risasi haipo tena nchi za kusini mwa Sahara tangu 2006 na hizi hedi zilitengenezwa enzi ya risasi. Ukiona imeandikwa E31 pembeni ujue ni hedi ya gari za mwanzo, itunze, zinatafutwa. Angalia na lile bomba jembamba linalonyunyizia oili juu ya kamshafti, vitundu vyake vikiziba kamshafti inalika, sipendi kuona mtu anabadilisha kamshafti mpya na bomba ni lile lile chafu.

Pampu ya oili ina mtego wake. Shafti inayoizungusha ndo hiyo hiyo inayozungusha disitribyuta kwa juu, na mdomo wake wa juu haujagawanyika sawa, una upande mnene na upande mwembamba. Weka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa kabla ya kutoa pampu na piga picha mdomo ulivyokaa. Ukiirudisha ikiwa imeruka jino moja utazungusha disitribyuta mpaka ifike mwisho wake na taimingi haikai, na utaanza kulaumu kabureta bure. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4. Nafasi ya valvu injini ikiwa ya moto, za kuingiza milimita 0.25, za kutoa milimita 0.30.

Kama bloku yako imepasuka au imekerezwa mpaka mwisho usikate tamaa, Nissan Patrol 160 za petroli zilikuja na L28, cc 2753, ndugu wa damu wa hii. Inakaa kwenye maungio yale yale ya gia, unahamishia sampu yako na bomba lake la kuvutia oili, na gari inakuwa na nguvu zaidi. Hiyo ni njia ya heshima kabisa, sioni ubaya wowote, kinachonikera ni mtu kuikata bodi nzima ili aingize injini isiyohusiana, baadae anakwama na gari imeshaharibika.

Thermostati irudishe. Najua fundi wako atakwambia huku joto haihitajiki, wameitoa kwenye kila gari mjini hapa, lakini injini inayotembea na ubaridi muda wote inalika ringi na inakunywa mafuta. Weka ya nyuzi 82 na rejeta iliyosafishwa vizuri. Na usijaze maji ya bomba, hedi ni alumini, weka kulanti iliyochanganywa na maji ya betri, yale safi ya kuongezea, sio asidi.

Kabureta ni mbili za Hitachi za mtindo wa SU, zile zenye vikombe vya mviringo kwa juu. Mafundi vijana wanaziogopa wanataka kuzitupa na hapo nakuomba uwazuie. Ni kabureta rahisi kuliko zote: pistoni ndani yake uinyanyue kwa kidole uiachie, lazima ishuke yenyewe na iseme tak, ikikwama isafishe. Vikombe vya juu vina oili nyepesi, wengi wanaviacha vikavu afu wanashangaa gari inasita ukikanyaga. Kinacholika ni shafti ya mlango wa hewa, inavuta hewa pembeni, injini haitulii ikiunguruma polepole. Nyunyizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta pale kwenye ncha za shafti injini ikiwa inaunguruma, mlio ukibadilika basi peleka kwa mkerezaji aweke bushi mpya. Kuzisawazisha chukua mpira mwembamba kama futi mbili, upande mmoja sikioni mwingine kwenye mdomo wa kabureta, sikiliza moja afu nyingine, zungusha mpaka zitoe sauti ile ile. Nilijifunza hiyo jioni moja, na ile dakika zote mbili ziligongana sauti moja injini ikatulia pale pale, kikombe cha chai juu ya boneti hakitikisiki. Gari za 1973 za Marekani zina kabureta nyingine za juu bapa, zina sifa mbaya na wengi wameshazibadilisha.

Umeme na breki

Umeme wa taa kubwa wote unapita kwenye swichi ya usukani na kwenye boksi la fyuzi ambalo kwa umri huu limeshaanza kuyeyuka. Weka relei mbili ili swichi ibebe umeme mdogo tu. Ampmita ya dashibodi nayo inapitisha umeme wa gari nzima, kagua maungio yake nyuma. Safisha kila mahali waya wa athi unapogusa bodi, hasa baada ya rangi mpya, kwa sababu rangi haipitishi umeme na nusu ya matatizo ya ajabu ajabu yanatoka hapo.

Breki sina maneno mengi: masta silinda, silinda za magurudumu, mipira yote, mabomba yote ya chuma, vyote vipya. Hakuna cha kukagua kikaonekana kizuri. Na tairi soma zile tarakimu nne pembeni, mbili za wiki mbili za mwaka, hata kama ina meno mapya ikiwa na miaka kumi itoe.

Spea

Bolti, beringi, lining, mipira, plagi, hivo unapata Gerezani kule Dar au Kirinyaga Road kule Nairobi ukienda na sampuli mkononi, usiende na jina la gari maana utaambiwa haipo. Muuzaji ukimwekea beringi mezani anaigeuza anasoma namba anakuletea. Sakafu za kuchomelea, lastiki za milango, lenzi, vitu vya ndani, hivo ni Marekani na Japani, agiza vingi kwa pamoja usafiri upungue, na uliza kila kimoja kama ni cha usukani wa kulia. Lastiki za mlango wa nyuma usichelewe kuzinunua, nitakwambia kwa nini hapo chini.

Kuwasha

Kabla ya kuwasha toa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili inyanyuke. Kama kamshafti ni mpya, ikiwaka tu ipeleke mzunguko elfu mbili uishikilie hapo dakika ishirini, usiiache inaunguruma polepole, na tumia oili nzito ya kizamani yenye zinki ya kutosha, nyingi za injini za dizeli zinafaa. Mtu mwingine awe anaangalia chini kama kuna kinachovuja, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi sio garini.

Ukitoka barabarani kaa na pua wazi. Harufu ya petroli ndani ya kebini mara nyingi ni ile mipira ya kupumulia tenki iliyofichwa nyuma ya plastiki za pembeni kule nyuma, imekauka na kupasuka. Harufu ya moshi ni hatari zaidi, umbo la hii gari linavuta moshi wa egzosi kurudi ndani kupitia lastiki za mlango wa nyuma, gasiketi za taa za nyuma na vitundu vyovyote vilivyosahauliwa bila kizibo. Kichwa kikianza kuuma baada ya nusu saa, simama, shuka. Ziba vyote kabla hujampakia mtoto.

Kilomita mia tano za kwanza usivuke mzunguko elfu tatu na nusu, afu mwaga oili, ipitishe kwenye kitambaa cheupe na sumaku. Vumbi la kijivu ni kawaida, vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba sio kawaida, fungua sampu. Injini ikiwa ya baridi kaza tena bolti za hedi kwa spana ya kupimia ukianzia katikati kwenda nje, ipashe moto upime valvu upya, kaza nati zote za sasipenshen gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake chini, sio ikiwa kwenye jeki, bushi zikikazwa zikiwa zinaning'inia zinachanika mapema.

Yangu sasa ina kilomita elfu kumi na moja tangu itoke. Jumamosi kabla jua halijapanda naipeleka mpaka Makuyuni na kurudi, dirisha wazi, na nikifika nyumbani natandika gazeti chini ya injini na jingine chini ya difu nione imedondosha nini.